Upande wa Kushoto wa Bi Mkubwa

Kitendawili. Bwana mmoja kazaliwa gizani, jua hajaliona hata siku moja. Hana mkono, hana mguu, lakini bila amri yake hata nzi wa puani humfukuzi. Nani? Weka mji wako, huyu ni mwepesi: ubongo. Sasa sikia yaliyomkuta fundi cherehani mmoja, siku bwana huyo alipofunga nusu ya nyumba ya mama mkwe wake.

"Bibi," mwalimu wa mazoezi alimwuliza mgonjwa, "nani amekaa kushoto kwako?"

Bi Mkubwa alikuwa kitandani, ameegemea mito, uso kaugeuzia ukutani, upande wa kulia. Kushoto kwake, bega kwa bega, mkamwana wake, yule fundi cherehani, alikuwa akiukanda kwa mafuta ule mkono uliolala.

"Hakuna mtu."

"Haya, dada, umeshakuwa pepo," mwalimu akatania. Mkamwana hakucheka.

Alikwisha kuelezwa. Jicho la Bi Mkubwa ni zima, sikio ni zima. Mishipa ya fahamu hubeba habari kama matarishi wanaopokezana mzigo, mpaka ubongoni. Lakini kiharusi kilikuwa kimefunga chumba kinachopokea habari za kushoto. Tarishi anabisha, hakuna wa kumfungulia. Kwa Bi Mkubwa, upande ule haupo duniani.

Ndiyo maana mkamwana alipenda kukaa huko. Mwenye hatia hupenda pasipoonekana.

Walikuwa wamegombana kwa ajili ya kiti. Mkamwana alikiondoa kiti cha Bi Mkubwa dirishani apate pa kuweka cherehani yake ya nyumbani, na wakanuniana. Kesho yake asubuhi akamkuta mama mkwe jikoni anakanda unga.

"Shikamoo, mama."

Mdomo wa Bi Mkubwa ukaenda upande, ukabaki huko. Kisha, mkono wa kulia ukiwa umejaa unga, akakivuta kiti kwa wa kushoto, akakirudisha dirishani kwa kishindo.

"Betua, mama, betua mpaka ufike sikioni," mkamwana alisema moyoni, akachukua mkoba wake akaenda kushona dukani.

Jioni alimkuta sakafuni, chini ya dirisha, mdomo ukiwa bado upande uleule.

"Mdomo kwenda upande ndiyo kengele ya kwanza," daktari alisema. "Angewahishwa, huenda nusu hii ingeokoka. Ulianza lini?"

"Sijui, daktari. Nilimkuta hivyo jioni."

Mumewe, aliyesimama kando, akamshika bega. "Ahsante, mke wangu. Bila wewe tungemzika." Tangu hapo kila shukrani ilimchoma kama sindano. Majirani wakimsifu kwa kumwosha na kumlisha mama mkwe, aliinamisha kichwa, nao wakasifu hata unyenyekevu wake.

Akabaki na swali moja. Kila alasiri, mwalimu akishaondoka, aliliuliza lile sikio la kushoto, kama mtu anayenong'onea kisima.

"Mama, asubuhi ile ulikuwa unanibetulia mdomo, au ulikuwa unaniita?"

Bi Mkubwa aliutazama ukuta.

Siku hiyo, baada ya lile jibu la "hakuna mtu", mwalimu alikuwa akifunga mkoba wake, akaichungulia sahani ya mchana.

"Ajabu," akasema. "Zamani alikuwa akiacha nusu nzima ya kushoto, na bado analalamika njaa. Leo kaimaliza yote, kafuta na mchuzi. Lakini mtu hamwoni. Ubongo nao una vituko vyake." Akaaga, akaenda zake.

Mkamwana akaweka chupa ya mafuta chini. Aliukunja ule mkono uliolala, akaulaza juu ya shuka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mama, leo sikuulizi tena. Leo naaga. Mwanao akirudi nitamwambia kwamba nilikuona tangu asubuhi nikakuacha. Akinifukuza, ana haki yake. Nguo zangu nimeshafunga."

Akasimama. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia mto unakwaruza.

Kichwa cha Bi Mkubwa kilikuwa kinageuka. Polepole, kikauacha ukuta, kikapita dirisha, kikaja kushoto, mpaka macho yakatua usoni mwake barabara.

"Rudi ukae, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakubetulia mdomo. Nikiwa mzima kabisa. Kiharusi kilinikuta mchana, na tangu upande huu uliponifungukia, aibu ya kukwambia ndiyo inayonitazamisha ukutani."