Nyumba za Buluu

Sikudhani hakutulia kitini tangu wenzake wa darasa la Kifaransa walipoanza kuucheza mchezo aliobuni. Aliuchora juu ya kipande cha boksi la sabuni: ukifika nyumba ya njano, unatamka sentensi ya Kifaransa, ukifika ya buluu, unapumzika.

Kombo alisukuma kizibo chake cha soda hadi mwisho, akaangua kicheko. "We Siku, mchezo gani huu? Nimemaliza sijafungua mdomo!"

Mwalimu Nasra akainama kutazama. Nyumba za njano zilikuwa tatu tu.

"Mwanangu, umebuni mchezo wa kunyamaza," akasema. "Huu siupeleki kwenye maonyesho ya shule. Labda uurekebishe sasa hivi."

Sikudhani alitamani mno mchezo wake uende, hata kama yeye mwenyewe, aliyeogopa kusema Kifaransa mbele ya watu, angebaki nyuma ya mlango. Akashika kalamu ya rangi ya njano, akapaka juu ya buluu mbiombio. Nyumba zote za buluu zikageuka kijani.

"Haya, na kijani je?" Kombo akamkejeli. "Hapo tunalala kabisa?"

"Kijani..." Akakitazama kile kipande cha boksi. "Kijani mnasema wote. Mwenye zamu anaanza, wengine wanamfuata."

"Hapo sawa," akasema mwalimu. "Basi mwenye mchezo atangulie."

Sikudhani akarusha dadu, akahesabu, kizibo chake kikatua kwenye kijani. Wenzake wakamsogelea, wakiitazama midomo yake. Kengele ya mapumziko ikalia. Hata Kombo hakuinuka.