Kofia ya Bruda Sifuna

Kofia ya kanzu ya Bruda Sifuna ilikataa kufika kwenye nyusi zake.

Ilikuwa mchana kweupe hapa Myanga, jeneza liko wazi, watu wamepanga foleni kumuaga. Mtawa mwenzake wa shirika la Wakapuchini aliivuta tena, polepole, kisha akaniangalia. Kanzu hiyo niliishona mimi, dukani kwangu Kitale, kabla sijastaafu.

"Fundi, mbona fupi hivi?"

"Kitambaa kilirudi, kikapungua kilipofuliwa, Bruda."

"Ati kilirudi kwa kofia tu? Mikono si iko sawa?"

Shangazi wa marehemu akaguna. "Mafundi nyinyi! Kipande kikibaki, ni chenu."

Yule bruda hakucheka. "Zamani kule Italia, watoto waliona kofia hizi ndefu zilizochongoka, wakawa wanatufuata barabarani wakituita Wakapuchini, watu wa kofia. Jina letu ndilo hilo. Sasa nitamzikaje huyu na nusu ya jina?"

Kile kipande cha kahawia nilichobania nilikuwa nimekivaa kichwani, nimekishonea kofia nzuri ya duara, na nikaja nayo matangani bila aibu.

"Bruda, kipande ninacho," nikasema. Nikainua mkono niivue.

Haikutoka.

Nikavuta kwa mikono miwili, watu wote wakiniangalia. Ndipo nikahisi inateremka, polepole, kama inavutwa na mtu mpole, mpaka kwenye nyusi zangu.