Kipande cha Saba

Tangu wapande paani, Mzee Povu hakuwa ameondoka kwenye ile kona. Rangi nyeupe ya paa ilikuwa inachoma macho, jua linapiga kisogoni, naye amesimama pale pale, buti mbili zimebanana, kama mtu aliyekanyaga noti na hataki mwenzake aione.

Mkaguzi alimwona, akaendelea na kazi. Alichomeka bomba lake lenye makali, akalizungusha, akatoa kipande cha mviringo cha lile povu linalonyunyiziwa juu ya bati, likaumuka, likakauka na kuzuia maji. Hili halikuzuia kitu. Kipande kilitoka bila ubishi, chembamba kama kidole, kimelowa upande wa chini. Bati lililobaki wazi lilikuwa na kutu.

"Cha sita," alisema. "Na hiki nacho hakikushika."

"Si nilikwambia, mwanangu? Mapipa." Mzee Povu alilitema neno lile. "Mzigo wote uliharibikia kiwandani. Paa hili nimelipiga lote siku moja, kwa mapipa ya mzigo mmoja. Dawa ikiwa mbovu, hata malaika ashuke na bunduki yake ya kunyunyizia, povu halishiki."

Mkaguzi alitaka kuamini. Miaka tisa iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akimburutia mzee huyu mpira wa kunyunyizia, na kila alichokijua kuhusu povu alikipata kwake. Pitisha kiganja kwenye bati kabla ya kupiga, Mzee alikuwa akisema. Kikirudi na umande, kaa chini ungoje jua, hata tajiri akutukane. Mtu wa namna hiyo hawezi kupiga povu juu ya maji.

Lakini chini ya miguu yao kulikuwa na ukumbi wa washonaji, na paa la miezi minne tu lilikuwa limewajazia ndoo kati ya meza. Wiki iliyopita maji yaliingia kwenye mashine ya mshonaji mmoja, ikampiga shoti. Hadi leo amelazwa, mkono wa kulia hausikii sindano.

Lawama ilihitaji mwenyewe. Fomu ya mkaguzi ilikuwa na visanduku viwili: dawa mbovu, kazi mbovu. Cha kwanza kingemwita muuza mapipa aje ajibu. Cha pili kingelifuta jina la Mzee Povu kwenye orodha ya wakandarasi, moja kwa moja, na umri wake wote ule, na lile paa la hospitali alilolisubiri mwaka mzima lingekwenda kwa mwingine.

"Kimebaki kimoja," mkaguzi alisema. "Kanuni ni saba. Naomba unipishe, Mzee."

"Hapa? Sita havijakutosha? Unataka kulifanya paa chujio la chai?"

"Kona sijakata hata moja."

"Kona ina nini? Povu lile lile, ubovu ule ule. Andika tushuke. Binti yangu anatungoja."

Mkaguzi alimkumbuka binti huyo, mshonaji wa humo humo, aliyewafungulia mlango wa ngazi asubuhi. Usimchoshe baba, alikuwa amemwambia, hayo magoti yake ni ya kuazima.

Mzee Povu alizidi kuzibana buti zake.

"Kijana." Sauti ya Mzee Povu ilishuka. "Nilikupa kazi ulipokuwa hujui spana inashikwa upande gani. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba."

Mkaguzi aliitazama fomu. Sasa alikuwa na hakika kwamba pale chini ya buti kulikuwa na aibu kubwa kuliko zote, pengine hata povu hakuna, ni rangi tupu juu ya bati tupu. Ingekuwa rahisi kushuka. Kalamu ilikuwa imeshagusa kisanduku cha kwanza. Kisha akaukumbuka ule mkono usiosikia sindano, akaichomeka kalamu mfukoni.

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisiache kona. Sogea, Mzee."

Mzee Povu alisogea nusu hatua.

Mkaguzi akapiga magoti, akachomeka bomba. Halikuingia. Akaliegemea kwa kifua, akazungusha, akapumzika, akazungusha tena. Povu lilikataa kuachia. Ilibidi achukue kisu akwangue, na kipande kilipong'oka kilikuja na rangi ya bati imegandamana nacho. Kilikuwa kikavu, kigumu, unene wa vidole vitatu, vitundu vyake vidogo vimelingana kama vya mkate uliokandwa na mtu anayeipenda kazi yake. Hakuwahi kushika povu zuri kama lile.

Akashusha pumzi, akacheka. "Mzee, mbona hili ni safi? Ulikuwa unaogopa nini?"

Mzee Povu alikuwa anaangalia dirisha dogo la paani, hatua mbili kutoka pale, lililoachwa wazi kuingiza hewa.

Kicheko kikamkauka mkaguzi mdomoni. Siku moja. Mzigo mmoja.

Alisogea hadi dirishani, akachungulia. Chini, wanawake walikuwa wakimwaga ndoo na kuzirudisha, meza hadi meza, ukumbi mzima. Kwenye kona hapakuwa na ndoo. Mshonaji wa pale aliinua uso kutoka kwenye mashine yake, akatabasamu, akapunga mkono.

"Mwambie baba ashuke," alisema. "Chai inapoa."