Kisanduku Kitupu

Tulikuwamo wanne katika darasa la shule ya kisiwa cha Chula, Somalia: mimi, mke wangu, mama yangu, na Mahir nahodha, aliyekuja kutuharakisha tupande mashua yake ya kwenda Kenya.

Kompyuta kuukuu ya shule ilibakiza chaji ya dakika tatu. Kivinjari chepesi, kinacholeta maandishi bila picha, ndicho pekee kisichoigandisha. Ikafunguka orodha ya watoto waliofika kambini, Kenya. Binti yetu wa miaka sita tulipotezana naye tulipoikimbia Kismayo.

Jina lake halikuwamo. Mstari wa mwisho ulisema: “Msichana, yapata miaka sita, hasemi. Tazama picha.” Kando yake, kisanduku kitupu.

“Mwalimu, maji yapwa,” alisema Mahir.

“Na akiwa bado Kismayo, mwanangu?” aliuliza mama.

Nilikigusa kisanduku kwa kidole. Kioo kilikuwa na joto. Kikazimika.

“Tunapanda mashua,” nikawaambia. “Mtoto huyo nitakwenda kumtazama mwenyewe.”