Mkeka wa Watu Sita

Kipimajoto alichokitundika mkaguzi ukutani kilisoma nyuzi ishirini na nne, na nje jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejificha.

“Faida tumeziona, mama,” alisema. “Kuta nene, paa linapitisha hewa, hata feni huhitaji. Sasa hasara. Kuna kitu umekikosa tangu uhamie nyumba hizi mpya?”

Bi Mwanakheri alifikiri kidogo. “Kwenye zile za mabati, mchana ndani hapakukalika. Mtaa mzima tulikuwa tunatoka na mikeka, tunachambua mchele, tunateta, tunacheka. Sasa kila mtu yuko kwake, kaburudika.”

Mkaguzi alitafuta pa kuyaandika hayo kwenye fomu, akakosa. Akaandika “Hakuna,” akachukua kipimajoto chake, akaaga.

Bi Mwanakheri aliuvuta mkeka mkubwa kutoka uvunguni, akautandika nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Milango yote ya mtaa ilikuwa imefungwa. Akakaa pembeni kabisa, kama anayewaachia wenzake nafasi, akaweka ungo mapajani, akaanza kuchambua mchele uliokwishachambuliwa asubuhi.