Pumzi Chini ya Kifuniko

Ambakisye alitengeneza kifuniko cha pikapu kwa mabati na mbao, kwa sababu kile cha dukani kilikuwa kifupi kwa jeneza la mama yao. Mvua ya Tukuyu haikuwa imekatika tangu asubuhi. Dada yake, Atuganile, akaketi mbele na kuliambia gari hilo linalojiendesha liwapeleke nyumbani.

"Siwezi," gari likajibu. "Sheria hainiruhusu kubeba kiumbe hai chini ya kifuniko."

"Huyo ni marehemu," Atuganile akasema huku akilia.

"Anapumua."

Ambakisye alidhani mabati yake yamelichanganya gari. Akafungua kifuniko, akafungua na jeneza, akasogeza shavu karibu na pua ya mama. Akahisi pumzi. Akapiga magoti kwenye tope.

"Dada, njoo! Mama yu hai!"

Mama alipona. Majirani walikuja kuligusa gari kwa viganja, wakinong'ona kama wako kanisani.

Lakini mama hakutaka tena kulala chumbani. Alitandika godoro nyuma ya pikapu, akawaambia wanawe, "Ninyi mlinililia vizuri, wanangu. Ila hili ndilo lililonisikia."