Bwana Kufuli

Makamu mkuu wa chuo hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega, akasimama mbele ya meza ya mkuu wake akihema kwa hasira.

"Mkuu, nipe ufunguo wa ukumbi."

"Mtihani umeshaanza," alisema mkuu bila kuinua macho.

Ufunguo ulikuwa palepale mezani, kando ya simu yake. Tangu ahamishiwe chuoni muhula huu, hakuna mlango uliofunguliwa bila idhini yake. Walimu walimbandika jina la Kufuli, nalo likamkaa sawasawa. Makamu, mama aliyezoea kuongoza kwa kukaa na watu na kuwasikiliza, alichefuliwa na huu mtindo wa kufunga na kunyamaza.

"Nje kuna msichana wa darasa la ushonaji. Amekesha hospitali na mama yake. Asipoingia sasa hivi, anarudia mwaka mzima!"

"Amri ni moja kwa wote."

"Hata kuja kukuomba amekataa. Nimemvuta mkono, kagoma katakata. Ona unavyoogopwa!"

Mkuu aliizungusha kalamu vidoleni. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Kumbe kuuliza unajua?" Makamu aliipiga meza, ufunguo ukaruka. "Kapata nafuu kidogo alfajiri. Na binti wa watu asingekesha peke yake kama kaka yake angekuwa na utu. Kaitwa tangu jana, jibu lake eti yuko kazini. Mama mzazi! Ningempata mbele yangu huyo, ningemzaba vibao mpaka ashike adabu. Wewe na yeye hamna tofauti!"

Simu, iliyokuwa imetetemeka mara kadhaa tangu makamu aingie, ilianza tena.

"Si upokee! Au nayo umeipiga kufuli?"

Mkuu aliufunika ufunguo kwa kiganja, akapokea kwa mkono mwingine.

"Shikamoo, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya mtoto. "Hapana, mama, siwezi kuja sasa hivi. Niko kazini."

Akasikiliza kwa muda mrefu, macho yake kwa makamu.

"Ndiyo, amefika, yuko nje. Lakini simfungulii, mama. Watasema ni kwa sababu ni mdogo wangu."